KAMBA HUKATIKIA PABOVU
Kuzitia nguvu gia za otomatiki zinapofungwa injini kubwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Tawi baada ya mkutano wa mwezi, na kupigwa chapa kwa ombi la Kamati.)



Kamati imetuomba tuseme habari za gia za otomatiki, yaani zile gia zinazojiingiza zenyewe bila dereva kukanyaga klachi. Pengine mtu atauliza, mambo ya gia yanahusu nini chama cha wafanyi kazi? Jibu letu ni fupi. Chuma kikivunjika mikononi mwa fundi, mtu wa kwanza kuulizwa ni fundi. Na fundi asiyejua sababu ya kuvunjika hana la kujibu, ila kuinamisha kichwa na kutia sahihi karatasi ya kukatwa mshahara. Mwenye kujua husimama akasema, "Bwana, tazama hapa." Kwa hivyo elimu ya kazi ni ngao yetu, sawa na kadi ya chama.

Wengi wenu mnajua jambo lililotufikia sisi wenyewe katika stesheni moja ambayo hatutaitaja. Lilikuwapo lori la kuvutia magari mabovu, la gia ya otomatiki. Injini yake ilikufa, na vipuri havikupatikana. Ikaletwa injini nyingine yenye nguvu zaidi, ikafungwa juu ya giaboksi ile ile ya zamani. Watu wote walifurahi, kwa kuwa lori lilipanda mlima kama mbuzi. Katika mwezi wa pili giaboksi ikaungua. Tukaifungua, tukatia pleti mpya, tukaifunga. Ikaungua tena. Mara ya tatu ikapasuka ndani, na mwenzetu mmoja akaambiwa kwamba ni uzembe wake, na fedha zikaanza kukatwa katika mshahara wake. Mwisho wa jambo hili tutausema mwisho wa maneno yetu. Kwanza tuangalie chuma.

GIA HII NI KITU GANI

Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa habari za mtu atiaye divai mpya katika viriba vikuukuu. Divai hupotea na viriba hupasuka. Injini kubwa katika giaboksi ndogo ni habari hiyo hiyo. Lakini viriba vya chuma vina sehemu nyingi, na yafaa tujue ni ipi itakayopasuka kwanza.

Sehemu ya kwanza ni konvata. Ni kama chungu kilichofunikwa, kimejaa mafuta. Ndani yake mna mapanga yanayozungushwa na injini, na mapanga mengine yaliyoungwa na shafti ya giaboksi. Injini huyarusha mafuta, nayo mafuta huyasukuma mapanga ya pili. Katikati mna gurudumu dogo la tatu ambalo huyageuza mafuta yanaporudi, yasaidie badala ya kupinga. Kwa sababu ya gurudumu hilo, konvata huongeza nguvu ya kusokota wakati gari linapoanza kuondoka, mara nyingi hupata karibu mara mbili. Aliyebuni jambo hili ni Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1905. Hakuwa akifikiria motokaa hata kidogo. Alikuwa mtu wa meli, akitafuta njia ya kuunganisha mashini ya stimu iendayo kasi na rafadha iendayo polepole.

Sehemu ya pili ni gia za sayari. Gia moja iko katikati kama jua, nyingine ndogo huizunguka, na zote zimo ndani ya pete yenye meno kwa ndani. Ukishika moja na kuzungusha nyingine unapata mwendo mmoja. Ukibadili ile uliyoishika unapata mwendo mwingine. Meno hayaachani kamwe.

Sehemu ya tatu ni zile klachi na mikanda ya kushika na kuachia. Klachi ni pleti nyingi zilizopangwa kama sahani kabatini: moja ya chuma kitupu, moja yenye ngozi ya kukamata, tena chuma, tena ngozi. Pistoni inayosukumwa na mafuta huzibana. Sehemu ya nne ni pampu na valvu, ambazo hutuma mafuta yenye presha mahali panapotakiwa.

General Motors wa Marekani walianza kuuza gia ya otomatiki, waliyoiita Hydra-Matic, katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Vita vilipokuja, gia hiyo hiyo ilitiwa katika vifaru vyepesi vya M5, kila kifaru kikiwa na injini mbili za Cadillac na giaboksi mbili. Kwa hivyo swali la kuifanya gia ya otomatiki ibebe mzigo mzito lilianza mapema.

HESABU KIDOGO, NDUGU ZETU

Watu husema, "Injini hii ina nguvu za farasi mia mbili," kisha wananyamaza. Lakini giaboksi haivunjwi na hesabu ya farasi peke yake. Kinachokata shafti ni nguvu ya kusokota, nacho kinachounguza mafuta ni joto.

Tuseme tuna injini yenye nguvu ya kusokota ya ratili-futi 300. Ikizunguka mara 3,500 kwa dakika, hizo ni kama nguvu za farasi 200. Sasa gari limesimama, dereva anakanyaga mafuta kuondoka na mzigo. Konvata inazidisha mara mbili: shafti ya kuingilia inapata 600. Gia ya kwanza ya giaboksi moja mashuhuri ya Marekani, Turbo-Hydramatic 400, iliyotoka mwaka 1964, huzidisha mara 2.48. Basi shafti ya kutokea inapata karibu ratili-futi 1,490. Mmeona? Injini ilitoa 300 tu. Ukiongeza 100 katika injini, unaongeza karibu 500 huku nyuma. Ndiyo maana mwenye gari hushangaa akisema, "Tumeongeza kidogo tu."

Sasa tazameni klachi. Nguvu yake ya kukamata hutoka katika mambo manne: presha ya mafuta, upana wa pistoni, ukubwa wa duara la pleti, na idadi ya nyuso zinazokamatana. La tano ni ngozi yenyewe jinsi inavyokamata. Tuchukue mfano. Pistoni ina inchi za mraba 12. Presha ni ratili 150 kwa kila inchi ya mraba. Kwa hivyo pistoni inabana kwa ratili 1,800. Ngozi ikiwa katika mafuta hukamata kwa kiasi cha 0.12 hivi. Katikati ya duara ni inchi 2½. Pleti za ngozi ni tano, na kila moja ina nyuso mbili, jumla kumi. Zidisheni: 1,800 kwa 0.12, kwa 2½, kwa 10. Mnapata 5,400 kwa inchi, yaani ratili-futi 450.

Lakini tulisema shafti inaletewa 600! Basi klachi hiyo itateleza. Ikiteleza inapata joto, ngozi inaungua, vumbi lake linaingia katika mafuta, valvu zinanata, na presha inashuka. Presha ikishuka klachi inateleza zaidi. Ni mviringo wa mauti.

Tufanye nini? Tukipandisha presha kutoka 150 hata 200, klachi itashika 600. Hapo tumelingana tu, hatuna akiba. Tukiacha presha ilivyo na kuongeza pleti moja, iwe sita, itashika 540. Haitoshi. Lakini tukifanya yote mawili, itashika 720. Hapo tuna akiba ya 120 juu ya 600, yaani sehemu moja ya tano. Huo ndio mwanzo wa kuzitia nguvu gia hizi: kupandisha presha kidogo na kuongeza pleti kidogo, kisha kuhesabu akiba iliyobaki.

HATARI YA KUTENGENEZA JAMBO MOJA TU

Sisi wenyewe tulikosea hapa, na hatuoni haya kulisema mbele yenu. Katika lile lori, mara ya pili tuliongeza presha peke yake, kwa kubadili springi ya valvu ya presha. Tulidhani tumemaliza. Gia zikawa zinaingia kwa kishindo, dereva akasifu, "Sasa inapiga sawasawa." Kumbe kile kishindo kilikuwa kinapiga nyundo sehemu zingine zote. Kamba hukatikia pabovu. Ukiziba pabovu hapa, mvuto unakwenda kutafuta pabovu pengine. Klachi haikuteleza tena, lakini mara ya tatu ilipasuka dramu inayobeba pleti.

Kwa hivyo fundi hufuata njia ya nguvu kutoka mbele hata nyuma, akiuliza kila sehemu, "Wewe utabeba?"

Ataanza na ile sahani nyembamba inayounga injini na konvata, ambayo hupata nyufa penye boliti. Atakwenda kwenye konvata, kwa kuwa presha ikiwa kubwa na mwendo ukiwa mkubwa konvata yenyewe huvimba kama mkate, na mapanga yaliyochomekwa tu hulegea. Konvata za kazi nzito hulehemiwa mapanga yake na kuongezewa ukuta mgumu kwa mbele. Kisha shafti ya kuingilia: hukatika mara nyingi penye meno ya kuchomekea, na dawa yake ni chuma bora kilichopikwa vizuri, wala si unene peke yake. Kisha dramu. Kisha zile gia za sayari, ambapo vikombe vya shaba na washa nyembamba hubadilishwa na beringi za sindano. Kisha shafti ya kutokea, na nyuma yake propela na misalaba yake, na difu. Mara nyingi watu huimarisha giaboksi, kisha msalaba wa propela wa bei ndogo ndio unaokatika na kutoboa sakafu ya gari.

Katika kuongeza pleti pia kuna mtego. Nafasi ndani ya dramu ni ile ile. Ili pleti ya sita iingie, ni lazima kuzipunguza unene zile za chuma au kuchonga pistoni. Lakini chuma kile ndicho kinachomeza joto wakati gia inapobadilika. Kikiwa chembamba mno hupinda kama karatasi ya bati juani. Kwa hivyo fundi mwenye busara haongezi pleti mpaka amepima nafasi, na baada ya kufunga anapima tena uwazi uliobaki. Uwazi ukikosa, pleti hukokotana hata klachi ikiwa imeachia.

Jambo lingine ni muda wa kubadili gia. Klachi moja inaachia, nyingine inashika. Watengenezaji wa motokaa hupenda jambo hili lifanyike polepole ili abiria asimwage chai yake. Ule upole hupatikana kwa kuteleza, na kuteleza ni joto. Kwa injini kubwa hufupishwa muda huo kwa kupanua tundu za mafuta katika bamba la valvu. Lakini ukifupisha kupita kiasi unarudi kwenye nyundo tuliyoisema. Anayetafuta gari la kazi atafute kubadilika kwa haraka kusikorusha shingo ya dereva.

JOTO NDILO MWIZI

Ndugu zetu, tukitaka mkumbuke neno moja la leo, likumbukeni hili: giaboksi nyingi za otomatiki hufa kwa joto kabla hazijafa kwa mzigo.

Chukueni ile injini yetu. Gari limebanwa, haliendi, dereva amekanyaga mafuta hata mwisho, injini inazunguka mara 2,600. Inatoa kama nguvu za farasi 150, na hakuna hata moja inayosogeza gari. Zote zinageuka joto ndani ya konvata. Kama mafuta ni kilo 10, na joto lote likibaki ndani yake, yatapanda zaidi ya digrii 5 za sentigredi kila sekunde. Kwa sekunde kumi ni zaidi ya digrii 50. Ndiyo sababu vitabu vya ufundi huamuru jaribio la kubana gari na kukanyaga mafuta lisizidi sekunde 5, kisha gari lipewe nafasi lipoe.

Mafundi wa gia hizi wana kanuni ya zamani: mafuta yakifanya kazi katika digrii 80 hivi hukaa muda mrefu, na kila yanapopanda digrii 11 juu ya hapo maisha yake hupungua nusu. Hesabuni. Katika 91 ni nusu. Katika 102 ni robo. Katika 113 ni thumuni. Ni kanuni ya mkono, haina uhakika wa mizani ya dhahabu, lakini inaonyesha njia. Mafuta mazima ya namna iliyozoeleka ni mekundu na hayana harufu kali. Yakigeuka rangi ya kahawia na kunuka kama mkate ulioungua, klachi zimekwisha anza kulia.

Basi kabla ya kununua shafti ya chuma cha thamani, nunua kipoozi kikubwa cha mafuta na uweke kipima joto mahali dereva anapokiona. Kipima joto hakiongezi nguvu hata ya farasi mmoja, lakini huokoa giaboksi nyingi kuliko pleti za bei kubwa. Na giaboksi nyingi zina klachi ndani ya konvata, inayofunga gari likishika mwendo, ili pasiwe na kuteleza. Packard wa Marekani waliitumia mwaka 1949. Klachi hiyo ikiungua, gari bado litakwenda, na wengi hawataona tofauti, ila joto litapanda safari nzima.

MFANO WA RELI

Sisi watu wa reli tuna sababu ya kuyajua haya. Injini za dizeli za njia kuu, kama zile zinazovuta treni katika njia mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, hazina giaboksi ya namna hii. Dizeli huzungusha jenereta, nayo jenereta hupeleka umeme kwa mota za magurudumu. Lakini Wajerumani walichagua njia ya mafuta. Injini yao ya V200, iliyotoka mwaka 1953, ilikuwa na dizeli mbili, kila moja na giaboksi yake ya konvata. Katika giaboksi za kampuni ya Voith hawakutegemea pleti za kukamata. Walitia konvata kadhaa, na kubadili mwendo kulifanywa kwa kujaza mafuta katika moja na kumwaga katika nyingine. Pasipo ngozi, hakuna ngozi ya kuungua. Hilo ni jibu zuri sana kwa swali letu.

Mwaka 1961 injini sita kubwa zilizoundwa na Krauss-Maffei, za nguvu za farasi 4,000 kila moja, zikapelekwa Marekani kuvuka milima. Tatu zilikwenda kwa reli ya Southern Pacific na tatu kwa Denver & Rio Grande Western. Southern Pacific wakaagiza nyingine baadaye. Lakini kabla ya mwaka 1970 zote zilikuwa zimeacha kuvuta treni. Hazikuondolewa kwa kukosa nguvu, maana nguvu zilikuwa nazo. Sababu zilizotajwa ni joto katika mahandaki ya milimani, na ugumu wa kuzitengeneza katika karakana zilizozoea mashini za namna nyingine. Huko Uingereza nako, injini 74 za jamii ya "Western", za nguvu za farasi 2,700 na gia za Voith, ziliundwa kutoka mwaka 1961 hata 1964, na ya mwisho ikaacha kazi mwaka 1977.

Ndugu, pimeni jambo hili. Mashini yaweza kuwa na nguvu za kutosha na bado ikashindwa, kwa sababu mtu wa karakana hakupewa nafasi, saa, wala vipuri vya kuitunza.

MGUU WA MTU

Sasa tuseme habari ya mwisho, nayo si ya kuchekesha. Kuna mchezo huko Marekani wa magari ya mbio za robo maili, injini zake zina nguvu kupita kiasi. Katika mchezo huo, giaboksi za otomatiki za zamani, kama Powerglide ya gia mbili iliyotoka mwaka 1950, bado hutumiwa, lakini ndani yake karibu kila kitu kimebadilishwa.

Tarehe 8 Machi 1970, katika uwanja wa Lions huko California, dereva mashuhuri Don Garlits aliondoka na gari lake lenye giaboksi ya gia mbili aliyokuwa akiijaribu. Siku zile dereva alikaa nyuma ya injini, miguu yake kandokando ya giaboksi. Giaboksi ikapasuka. Gari likakatika vipande viwili, na sehemu ya mguu wake wa kulia ikakatwa. Mtu yule hakuacha kazi. Alipokuwa akipona alifikiri upya, na mwaka 1971 akatokea na gari lenye injini nyuma ya dereva, na magari ya namna hiyo yakafuata mfano huo. Wazee walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, nasi twaongeza: ukingo mwingine ni wa chuma.

Msidhani ni mambo ya mashindano tu. Giaboksi ya TorqueFlite 727 ya Chrysler, iliyotoka mwaka 1962, inasifiwa kwa ugumu wake. Lakini mafundi wanajua ina hatari moja. Katika gia ya kwanza kuna klachi ya upande mmoja inayoshika gia za nyuma zisirudi. Hiyo ikivunjika wakati injini inazunguka sana, dramu ya mbele huachiwa ikazunguka zaidi ya mara mbili ya mwendo wa injini. Injini ikiwa 7,000, dramu yapita 14,000. Chuma cha kalibu hakistahimili mwendo huo. Hupasuka kama bomu, na vipande hupita katika ganda la aluminiamu na sakafu. Dawa yake ni klachi ya upande mmoja iliyofungwa kwa boliti, dramu ya chuma kigumu kilichochongwa, na ngao nje ya giaboksi. Huyo dereva aliyekaa juu yake ana watoto nyumbani.

MWISHO WA HABARI YA LORI

Tuliahidi kusema mwisho. Kamati ilipoitwa, hatukwenda na maneno matupu. Tulichukua sinia, tukaweka juu yake pleti zilizoungua, kipande cha dramu, na chupa mbili za mafuta, moja nyekundu na moja nyeusi. Tukachukua kipoozi cha mafuta, tukakipasua mbele yao. Kilikuwa kimeziba zaidi ya nusu kwa uchafu, na barua ya kuomba kipya ilikuwapo katika faili, imekaa miezi mitano bila jibu. Kisha tukaandika ile hesabu ya 450 na 600 ubaoni. Wakubwa walikaa kimya. Mmoja wao akauliza, "Nani aliamuru injini ile ifungwe?" Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna karatasi iliyoandikwa.

Kukatwa mshahara kulisimamishwa. Lakini fedha zilizokwisha kukatwa hazikurudishwa hata leo, na mwenzetu alikuwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Hatukushinda yote. Tungaliandika mapema, tungalishinda zaidi.

Kwa hivyo, ndugu wanachama, twawaomba kila mmoja akumbuke mambo haya. Injini yenye nguvu zaidi isifungwe pasipo amri iliyoandikwa na yenye sahihi. Kabla ya kuifunga, hesabu ya giaboksi ifanywe, na njia yote ya nguvu ikaguliwe kutoka sahani ya mbele hata difu. Kipoozi na kipima joto vitangulie, pleti na shafti vifuate. Kila tunapobadili mafuta, tuweke kidogo katika chupa yenye tarehe. Na ngao ifungwe mahali penye miguu ya watu, hata wakisema ni gharama.

Vijana, hesabu tuliyofanya leo haikuhitaji chuo kikuu. Ni kuzidisha na kugawanya, tuliyofundishwa chini ya mti na mwalimu mwenye chaki moja. Msiogope kuitumia. Atakayetaka tuirudie pamoja, sisi tupo karakana kila siku saa ya chakula.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Umoja ni nguvu, nayo nguvu ni lazima ipate giaboksi ya kuibeba.